Mwizi wa Pumzi ya Mwalimu Cuthbert

Kwanza niape, tusije tukapotezeana muda. Haya yote ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata punje moja, mikorosho yangu isitoe ua msimu ujao, na watani zangu waje kunililia nikiwa bado nakunywa chai. Wanaonijua watasema nimeshaapa hivi mara nyingi. Ndiyo, na mikorosho yangu inazaa mpaka leo.

Basi ilikuwa mwezi wa nane, miaka ile soko huria lilipofunguliwa na kila mwenye meza akawa mfanyabiashara. Sajini Yuster wa upelelezi alikuwa kituoni Newala akipigana na kiazi cha moto kilichomng'ang'ania kwenye kaakaa, Land Rover ya hospitali ya misheni ikaingia uani kwa vumbi. Akashuka Daktari Anthony, mtu mrefu mwenye haraka. Alitoka Masasi alfajiri kuja kushtaki wizi.

Yuster alimeza kiazi kilivyo, akauliza kimeibwa nini.

"Pumzi," alisema daktari.

Yuster alikuwa Mmakua wa Lisekese, mwanamke mnene wa kicheko cha karibu, na kazini alikwisha kutafuta mbuzi, baiskeli, mabati, hata mlango uliong'olewa na fremu yake. Pumzi ilikuwa mpya kwake. Akamvutia daktari kiti.

Maelezo yalikuwa hivi. Mwalimu Cuthbert, Mmakonde wa Chiwata, alipatwa na ugonjwa uliomkausha mapafu yakawa kama dodoki. Wazungu marafiki wa kanisa walimchukua hadi Uingereza, na huko akapasuliwa, akawekewa pafu la kulia la mtu aliyekufa kwa ajali ya barabarani. Lilikubali. Mwaka wa kwanza pale njia ya hewa ilipounganishwa pakasinya, wakapapanua kwa kipulizo kidogo kama puto, akabakiwa na kikohozi na mluzi mwembamba kifuani kama birika linalokaribia kuchemka. Lakini alipona, akarudi, akashika chaki. Kila asubuhi alipuliza kibomba chenye mshale ndani, na mshale ulikuwa ukiruka vizuri. Tangu ahamishiwe shule ya Chilangala, ukweni kwake, mshale ukaanza kushuka.

"Mimi wezi wa pumzi ninaowajua ni wawili," daktari aliendelea. "Wa kwanza ni ule mshono kusinyaa tena. Huyo anabana mlango, na mlango tunaweza kuupanua. Lakini walimchungulia Dar es Salaam, mlango uko wazi. Wa pili ni mwili wenyewe kulikataa pafu la mgeni. Huyo anaziba vijia vidogo vya ndani kimoja kimoja, na akiachwa akazoea, alichoziba hakizibuki tena. Si hapa, si Uingereza."

"Na huyo wa pili anazuiwa na nini?"

"Na dawa. Mwalimu anaapa anazimeza asubuhi na jioni. Padri mmoja alikwenda likizo na chupa ya damu yake, ikapimwa kule alikopasuliwa. Damu haina dawa, Sajini. Ni kama chumvi iliyotiwa Ruvuma."

Yuster akaelewa kwa nini daktari amekuja polisi. Ama mwalimu ni mwongo, ama kuna mtu anazibadilisha zile dawa. Akauliza muda uliobaki. Daktari alisema mvua za kwanza zikimkuta mgonjwa katika hali hii, pafu litakuwa limefungwa moja kwa moja, na Rose, mke wa mwalimu, aanze kujizoeza ujane.

Jioni ileile Yuster alikuwa Chilangala.

Mwalimu Cuthbert alimpokea amekaa, akaomba radhi kwa kutosimama. Alikuwa na macho ya mcheshi aliyenyimwa upepo wa kuchekea. Yuster alipojitaja kuwa Mmakua, mgonjwa alijikusanya akasema, kwa vipande vitatu na mhemo katikati, kwamba sasa amejua amekwisha, maana Mmakua hafiki kwa Mmakonde ila amesikia harufu ya msiba wenye pilau. Yuster akajibu kuwa pilau ya Wamakonde anaijua, mchele wa kuhesabika na nyama ya kuhadithiwa, afadhali mwalimu apone. Utani ukawa umefunguliwa, na kazi ikaanza.

Akaomba kopo la dawa. Lilikaa ndani ya sanduku la Rose, na ufunguo Rose aliuning'iniza shingoni pamoja na msalaba. Vidonge vilikuwa laini, vinene, kila kimoja ndani ya karatasi yake ya bati isiyoguswa. Yuster alitoboa kimoja kwa sindano. Yakatoka mafuta mazito yenye harufu kali ya kilevi na kitu kingine kilichomfanya arudishe pua nyuma. Akampelekea mwalimu anuse. Mwalimu alisema ndiyo yenyewe, angeitambua hata kaburini.

Hapo akatafakari. Unga unaweza kumwagwa ukatiwa mwingine. Mafuta yaliyofungwa namna hii, kiwandani, hayana pa kupitia. Dawa ilikuwa halali. Basi akakaa mbele ya mgonjwa akamtazama akimeza, akamtaka afumbue mdomo, anyanyue ulimi, aseme jina lake. Akarudia asubuhi. Mwalimu hakuwa mwongo.

"Mtani," alimwambia, "dawa yako inaingia nzima nzima na inaibiwa ikiwa tumboni. Mwizi wako hayuko kwenye sanduku. Yuko ndani ya ngozi yako."

Cuthbert alitaka kucheka, mluzi ukamkatiza. Akapangusa shingo. Yuster aliona ukosi wa shati lake jeupe umeingia rangi, chungwa iliyokolea, mstari mzima wa jasho. Akamuuliza Rose. Rose alisema ni huu mchanga mwekundu wa Newala, nguo nyeupe huku ni mateso. Mwalimu akatazama pembeni, na Yuster akaona kwamba ametazama pembeni.

Akauliza sasa swali ambalo kila mpelelezi wa maana huliuliza. Tangu kuhamia hapa, kipi kimebadilika? Rose, majirani, hata mwenye kuuza mkaa, wote walijibu kwa kauli moja: salfa. Ilikuwa msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri, ule ukungu unaokausha maua, na kila alfajiri mashine ya Hamidu ilinguruma shambani ikitoa wingu la manjano. Zaidi ya hayo, Hamidu alikuwa na duka la dawa baridi, na alikwisha kugombana na mwalimu kuhusu mpaka wa shamba. Mashine ya vumbi, duka la dawa na ugomvi, vyote kwa mtu mmoja. Yuster karibu achukue pingu.

Hamidu alikuwa mtu mfupi mwenye koti la daktari alilolinunua mtumbani. Dukani kwake dawa za kichwa zililala pamoja na betri na sabuni za magadi. Alimwamkia Yuster "shikamoo" ilhali alimzidi umri, na mtu akikuamkia namna hiyo ujue ana jambo.

"Salfa yako inamuua mwalimu," Yuster alianza, bila hata kujibu marahaba.

"Mashine yangu iliharibika mwezi wa saba, Afande. Kifaa kilikuwa Masasi, mwenye duka alikuwa Mtwara kwenye arusi. Mwezi karibu mzima sikupuliza hata mche mmoja. Muulize mwalimu kama mshale wake ulipanda."

Yuster alikuwa ameshauliza kuhusu mshale. Mwezi wa saba ndipo uliposhuka zaidi.

"Na dawa unazouza?"

"Za kichwa, za tumbo."

"Na hicho unachokisukuma chini ya meza kwa mguu?"

Hamidu alikuwa akisukuma boksi. Ndani, vidonge vya ganda gumu, vyekundu kama pilipili iliyoiva. Alisema ni dawa za nguvu, kisha akasema ni za kuku, kisha akasema Afande, mimi nimeapishwa kwa msahafu na mteja wangu, mtu mzima, wa heshima, na wewe ungekuwa mimi usingesema. Vidole vyake vilikuwa na madoa mekundu. Yuster akakumbuka kuwa salfa ni ya manjano. Hakumkamata. Mtu anayetetemeka kwa ajili ya siri ya mwingine huachwa atetemeke, maana mtetemo huo unakupeleka kwa mwenye siri. Alichukua kidonge kimoja, akakifunga kwenye kitambaa, akaondoka.

Kikawa kimebaki kitu kimoja ambacho hakukichunguza, nacho ni chakula.

Hapa lazima mgeni aelezwe. Kwetu huku mwanamume akioa huenda kukaa ukweni, na mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Akimwona anakuja njiani, anaingia porini. Hawali pamoja, hawaulizani hali ana kwa ana, na ugonjwa ndio hauulizwi kabisa, kwa kuwa kumuuliza mkweo ugonjwa ni kama kumvua nguo. Mama Rose, mama yake Rose, aliishi kibanda cha pili uani, na kwa miezi yote hiyo hakupata kuuona uso wa mwalimu. Alichofanya ni kumpikia. Kila asubuhi uji wa ulezi wa mwalimu ulitoka kwa Mama Rose peke yake, kwenye bakuli lenye kifuniko, ukapokelewa na Rose, ukafika kwa mume umefunikwa. Hakuna aliyekifunua kifuniko kile ila mwenyewe. Kufunua chakula cha mkwe ni aibu ambayo polisi hawana kifungu chake.

Lakini mtani anacho.

Asubuhi ya tatu Rose alipopita na bakuli, Yuster akamnyang'anya. Akaketi kizingitini, akafunua, akanywa uji wote mbele ya mgonjwa, akapangusa bakuli kwa kidole, akatangaza kuwa ulezi wa Wamakonde una uchungu kama maneno yao. Cuthbert alicheka kwa mluzi mrefu, na akasema ndipo alipojua Serikali imefilisika, inalisha askari wake kwa wagonjwa. Kutoka kibanda cha pili, nyuma ya ukuta, ilisikika sauti ya sufuria kuanguka.

Yuster alisikia ile sufuria. Kicheko kikamkauka taratibu.

Mchana, aliporudi Newala, alikwenda kujisaidia nyuma ya kituo. Kwa heshima ya wasomaji nitasema tu kwamba alichokiona kilikuwa na rangi ya Fanta. Akatoka ameshika ukuta. Alihesabu dhambi zake, akamkumbuka marehemu baba yake, akaagiza gari. Dereva aliyempeleka Masasi anasema njia nzima Afande alikuwa akiimba tenzi za kanisani, na alipojifuta machozi kitambaa chake cheupe kikawa cha chungwa, akaanza ubeti wa mwisho.

Daktari Anthony alimsikiliza akiwa amekaa. Yuster alipokunjua kitambaa na kile kidonge chekundu, daktari alisimama.

"Hii ni dawa ya kifua kikuu," alisema. "Inatia rangi hiyo mkojo, jasho, machozi, kila kitu. Wewe haitakudhuru. Umeipata wapi?"

"Nimeinywa kwenye uji wa Mwalimu Cuthbert."

Daktari akakaa tena, safari hii taratibu. Alieleza kuwa dawa ile ni nzuri kwa ugonjwa wake, ila ikiingia mwilini inaliamsha ini, na ini likiamka linafagia kila kinachopita. Dawa ya kulinda pafu hufagiliwa pamoja na takataka kabla haijafanya kazi. Mgonjwa angeweza kumeza kopo zima, damu ingebaki tupu. Mwizi alikuwa amepatikana, na daktari aliyekuja kumshtaki alimtambua kwa rangi.

"Kwa hiyo pafu limekataliwa au halijakataliwa?" Yuster aliuliza. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

"Limeanza kukataliwa. Tukiziba tundu hili leo, nikampa dawa kali kwa siku chache, linaweza kurudi. Lisiporudi, basi vijia vimeshaziba, na hapo sina la kumwambia Rose."

Walirudi Chilangala pamoja. Cuthbert, alipobanwa, alikiri kwamba rangi ile aliiona tangu siku za mwanzo. Alidhani pafu la marehemu Mzungu linavuja ndani. Aliogopa akisema ataambiwa ndio mwisho, akaamua kunyamaza afundishe mpaka muhula uishe.

Kisha Yuster akaenda kibanda cha pili, peke yake, akaamkia.

Mama Rose alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye ndonya aliyoivua zamani ikaacha tundu juu ya mdomo. Aliitikia marahaba. Alisema alijua wanakuja tangu Afande alipomeza uji usio wake, na usiku alitaka kwenda kumwomba msamaha kituoni, ila aliogopa mbwa. Akaeleza bila kuzungushwa. Miaka kadhaa nyuma yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu, akakohoa mpaka majirani wakahamisha vigoda, na vidonge vyekundu vikamponya. Mwaka huu usiku alimsikia mkwe akikohoa ng'ambo ya ukuta, kikohozi kilekile, na mluzi juu yake. Siku hizo mtu akikohoa na kukonda watu walishamtajia ugonjwa mwingine, ule wa kuaibisha ukoo. Kuuliza hawezi. Kumwambia Rose ni kumvunjia Rose nyumba. Akaenda kwa Hamidu, ambaye tangu soko lifunguliwe huuza hata visivyouzika, akamwapisha.

"Nilitaka apone na asijue nani kamponya," alisema. "Kosa langu liko wapi hapo?"

Yuster akamuuliza kama hakuwahi kuambiwa mkwewe alitibiwa nini Ulaya.

Aliambiwa wamemtengeneza mapafu. Akadhani wameyasafisha.

Rose, aliyekuwa mlangoni, akalia. Alikuwa amemficha mama yake habari ya pafu la marehemu, kwa hofu kuwa mama angekataa kumpikia mtu mwenye maiti ndani. Siri mbili zilikuwa zimelala ua mmoja miezi yote, na katikati yao mgonjwa akinywa uji.

Daktari alitaka Mama Rose aelezwe kila kitu na kila dawa, tena na mgonjwa mwenyewe, maana yeye ndiye mpishi. Lakini haiwezekani mkwe azungumze na mkwe hivihivi. Ikabidi yafanyike kama ipasavyo. Rose alitoa doti ya kanga na kuku mweupe, vikapelekwa kwa Mama Rose kwa niaba ya mume, naye Yuster akasimama katikati kama mtani na shahidi, akitoza kila upande mhogo wa kuchoma kwa usumbufu. Mama Rose alijifunika kanga mpya, akatoka, akaketi amempa mkwe mgongo nusu. Aliyeanza kulalamika ni kuku.

"Baba," alisema mwishoni, "unaumwa nini?"

Cuthbert aliinamisha kichwa. Alimwambia, kipande kwa kipande, habari ya dodoki, ya ndege, ya kijana wa Kizungu aliyegongwa barabarani na mama yake aliyekubali pafu litolewe.

Mama Rose alifikiri.

"Huyo mama anajua linakula wapi?"

"Hajui."

"Mwandikieni kwamba linakula kwangu. Na kwamba nililikosea, nimeacha."

Hamidu aliwekwa ndani kwa kuuza asichokijua, akatoka baada ya kunyang'anywa maboksi na koti la daktari. Daktari Anthony alikaa Chilangala siku tatu akimtundikia mwalimu chupa za dawa kali kwenye ndoano ya kanzu. Wiki ya kwanza mshale wa kibomba haukusogea. Rose alikuwa akiupeleka dirishani kuutazama vizuri, kama huenda giza ndilo lililouzuia. Wiki ya pili ulisogea unywele. Wiki ya tatu Cuthbert alipuliza, mshale ukaruka ukafikia alama aliyokuja nayo kutoka Chiwata kasoro kidogo, na hiyo kasoro daktari alisema haitarudi, waishi nayo. Waliishi nayo siku ileile, kwa ngoma. Mama Rose alicheza akiwa amewapa mgongo wanaume, ili heshima isivunjike mara mbili kwa mwezi mmoja.

Na mvua za kwanza zilipokuja, mashine ya maji ya Newala ilikuwa imegoma kama kawaida yake, Mwalimu Cuthbert alishuka mwenyewe bondeni kwenye chemchemi, akajitwika ndoo mbili, moja kichwani moja mkononi, akaupanda ule mteremko wote wa Makonde mpaka juu, akiimba, bila kupumzika hata mara moja.

Hapo ndipo nilipotaka kuweka nukta. Nilikuwa nikiwasomea watu barazani kwangu, na wote walikuwa wametulia vizuri, mara mtu nyuma akakohoa, na kikohozi kile kina mluzi.

"Mzee," akasema Mwalimu Cuthbert, "ndoo zilikuwa za Rose. Mimi nilibeba kata ya kuchotea. Na nilipumzika mara nne, ya nne nililala."

Watu walinigeukia. Nikasema labda nimechanganya na siku nyingine. Akaniuliza siku ipi. Sajini Yuster, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amekuja kudai mihogo, akatoa hukumu palepale, kwa sheria ya watani: aliyempandisha mtu mlima kwa mdomo naye aupande kwa miguu, ndoo mbili, hadi mlangoni kwa Mama Rose.

Nimeshuka asubuhi na nimepanda. Kwenye kona ya kwanza maji yalikuwa mengi. Kwenye ya pili nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, ulimi nje, nikisikia moyo wangu masikioni. Mwalimu alikuwa mbele yangu na kata yake, akinisubiri kila kona na lile pafu lake la kupewa, na alipoona nimeweza kunyanyua kichwa, akaanza kuimba.